Vitaa Arobaini vya Bluu

Daktari wa macho hakupindisha maneno. Alizima tochi yake ndogo, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusana na ya mgonjwa, akasema jicho la kushoto limekwisha na la kulia limebakiwa na tundu dogo tu la kuonea.

"Miezi miwili," alisema. "Mitatu, Mungu akipenda. Presha ya macho ikishaula mshipa wa kuonea, hatuna dawa ya kuurudisha."

Bisibisi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika koti la kaka yake. Alingoja kaka aulize swali, hata moja. Hakuuliza. Alimshukuru daktari kwa adabu, akainuka, akaelekea mlangoni na kugonga bega kwenye fremu.

Jina la Bisibisi alipewa na wateja. Alikuwa akitengeneza vyerehani kwa miaka thelathini, na hapakuwa na siku aliyoonekana bila bisibisi ndogo imechomekwa kwenye nywele kama kitana. Kaka yake, aliyemzidi miaka saba, alikuwa mwonyesha sinema. Alikaa juu kule, kwenye chumba cha projekta chenye joto la tanuri, akivusha picha juu ya vichwa vya watu hadi jumba lile lilipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro. Mtu aliyeishi kwa mwanga maisha yake yote, sasa alikuwa akiuchungulia ulimwengu kana kwamba uko upande wa pili wa tundu la ufunguo.

Walitembea polepole kurudi nyumbani, yeye akimshika kiwiko.

"Unajua kinachoniuma, Bisi?" kaka alisema. "Sura za watu nitazikumbuka. Yako siwezi kuisahau hata nikitaka. Lakini rangi zinanikimbia. Bluu nimeanza kuisahau. Jana wifi yako ameniambia shati langu ni la bluu, nikabisha nusu saa."

"Ulikuwa wa kubisha tangu zamani."

Kaka alicheka kidogo. Kisha akaanza kuizungumzia ile filamu ya wapiganaji wa angani, wenye panga zisizo na chuma, panga za mwanga mtupu. Ilionyeshwa wiki sita mfululizo. Bisibisi alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, akipanda ngazi za nyuma kila jioni kuitazama kupitia kidirisha cha projekta. Watu wakishatoka, wawili wale walikuwa wakikunja mabango ya matangazo na kupigana kwenye ukumbi mtupu, wakitoa sauti za mvumo kwa midomo. Siku moja alimvunja jino. Pengo lile kaka analo mpaka leo.

"Ningepata kitu kimoja cha kuangalia mpaka tundu lizibe," kaka alisema, "ningetaka upanga ule. Wa bluu."

Alilisema kwa mzaha, kama mtu anayeagiza mwezi. Bisibisi hakucheka.

Kesho yake alianza kukusanya vitu. Kwa mpini alichukua kipande cha bomba la chuma kinachong'aa, lile linalokaa chini ya sinki, akalipiga msasa na kulizungushia mpira wa kushikia. Kwa ubapa wa upanga alipata mrija wa plastiki mweupe, mzito, ambao zamani ulikuwa kifuniko cha taa ndefu ya ofisini. Ukipitisha mwanga ndani yake hauonyeshi chembe moja moja, unaueneza kama maziwa. Mikono yake ilizoea chemchemi na gurudumu na mafuta ya mashine. Kwenye umeme alikuwa mgeni, lakini hakuwa mtu wa kuogopa kitu kwa sababu tu hakijui.

Wifi yake alimkuta jikoni kwake akipima urefu wa mrija kwa kamba. Alikuwa amekuja kuazima chujio.

"Ni wa nini huo?"

Bisibisi akamwambia. Wifi aliweka mikono kiunoni.

"Wifi, mimi ninamfundisha mtu kuhesabu hatua za kwenda chooni. Ninamfundisha kumimina chai kwa kidole. Wewe unamtengenezea mwanasesere?"

"Ameomba."

"Ameomba macho. Hayo unayo?" Alichukua chujio akatoka, na mlango hakuufunga.

Maneno yale yalimrudia Bisibisi siku nzima, lakini kazi hakuiacha. Mtaa wa pili kulikuwa na mzee aliyeitwa Fundi Redio, ingawa redio zenyewe zilikuwa hazimjii tena. Siku hizi alikuwa akitengeneza chaja na spika. Alikuwa na masikio makubwa na maneno machache. Bisibisi alimweleza anachotaka, akamwonyesha betri nne za kuchaji alizokuwa nazo.

Fundi Redio alimwaga vitaa arobaini vya LED mezani. Vilikuwa vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na miguu miwili ya waya.

"Mguu mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Ukigeuza hakiwaki," alisema. "Sasa sikiliza, fundi mwenzangu. Betri zako nne ni volti nne na nukta nane. Kitaa cha bluu kinataka tatu na nukta mbili. Kuna ziada hapo, moja na nukta sita. Ziada hiyo itakwenda wapi?"

"Kwenye mwanga?"

"Kwenye kaburi la kitaa." Akafungua kidroo, akatoa vijiti vidogo vyenye michirizi ya rangi. "Hii ndiyo rizista. Inazuia. Kitaa cha LED hakijui kusema basi. Umeme ukikipa kinapokea, ukikizidishia kinapokea, kikipata joto ndiyo kinazidi kupokea, mpaka kinakufa. Basi lazima ukiwekee mlinzi mlangoni."

Alichukua penseli, akagawa ziada ile kwa kiasi cha umeme ambacho kitaa kinastahimili, akapata uzuio wa omu themanini. "Hakuna ya themanini. Ya themanini na mbili ipo. Kijivu, nyekundu, nyeusi, usome hivyo. Na kila kitaa na rizista yake. Usiweke moja kwa vyote arobaini, maana vitaa havilingani. Kimoja kitakula cha wenzake."

Akafunga vitaa arobaini kwenye karatasi moja na rizista arobaini kwenye nyingine. Bisibisi akashukuru.

Usiku wa siku hiyo na siku mbili zilizofuata alifanya majaribio. Alishika kitaa kimoja na rizista yake, akagusisha kwenye betri. Kiliwaka. Bluu nzuri, tulivu, kama dirisha la nyumba ya jirani. Akaiondoa rizista, akagusa tena kwa sekunde moja tu.

Mwanga ulimpiga usoni hadi akarudi nyuma.

Alikaa akivitazama vitu vile viwili. Aliwaza tundu la kaka yake. Wiki iliyopita alimshikia mshumaa, kaka akasema anaona "kitu kama vumbi." Mwanga tulivu wa jirani ungemsaidia nini mtu wa namna ile? Aligusisha tena bila rizista, akahesabu mpaka kumi. Kitaa hakikufa. Alikigusa kwa kidole, kilikuwa cha moto, lakini kizima. Akahesabu mpaka ishirini.

"Mzee anaogopa kupita kiasi," alijisemea.

Hakuwa mjinga, na alijua fika kwamba hakuwa anaisadiki nafsi yake. Miaka thelathini alikuwa akiwagombeza washonaji wanaoendesha mashine bila mafuta kwa sababu tu jana haikukwama. Lakini karatasi ya rizista aliisukuma pembeni, akapasha pasi ya kulehemu, akaanza kuvichomelea vitaa vyote arobaini moja kwa moja kwenye waya mbili, ndefu kama ubapa wa upanga.

Jumapili alasiri alimpelekea. Wifi alikuwapo, amekaa kwenye kochi, anakunja nguo, uso umefungwa. Bisibisi alishusha mapazia, akamkalisha kaka yake katikati ya chumba, akamkabidhi mpini na kukiongoza kidole chake kwenye swichi.

"Bonyeza."

Chumba chote kiligeuka bluu. Kuta, dari, nguo zilizokunjwa, meno ya wifi aliyeachama kinywa bila kujijua. Kaka aliuinua upanga mbele ya uso, akaupeleka kushoto, kulia, akaupata ndani ya tundu lake. Akatulia.

"Naiona," alisema. "Bisi, naiona yote. Toka chini mpaka nchani." Sauti ilimkatika. "Ndiyo bluu hii. Ndiyo yenyewe."

Akauzungusha hewani, mzee wa miaka sitini na miwili, akitoa ule mvumo kwa midomo. Wifi aliweka nguo chini. Bisibisi alisikia moyo wake umekuwa mwepesi kama haujawahi kubeba kitu.

Kisha harufu ikaja, ya plastiki inayoungua. Vitaa vya karibu na mpini vilipauka, vikawa kama rangi ya zambarau iliyofubaa, vikazimika. Giza likapanda juu ya upanga kitaa kwa kitaa, na kadiri vilivyopungua ndivyo vilivyobaki vilivyozidi kuwaka, vikabaki vitatu vya nchani vinavyochoma macho, kisha navyo vikazimika. Haikufika dakika moja na nusu.

Kaka bado alikuwa ameuinua. Mpini ulikuwa wa moto. Bisibisi aliona moshi mwembamba ukitoka kwenye mpira, akakimbia kumnyang'anya, naye hakutaka kuachia.

"Umezima? Bisi, mbona umezima?"

"Achia, kaka. Achia, utaungua!"

Alipouachia, kiganja chake kilikuwa na alama nyekundu. Wifi alishaleta maji.

"Nini kimetokea?" kaka aliuliza, mkono ndani ya bakuli.

Bisibisi alikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa nayo ndefu ya kutosha, kwa sababu hakuna aliyemharakisha.

"Betri," alisema. "Wameniuzia betri mbovu. Nitautengeneza."

"Haraka, eh?" kaka akasema. "Mimi na haraka hatujawahi kuwa marafiki, lakini safari hii inanilazimu."

Kesho yake alirudi kwa Fundi Redio. Mzee aliutazama waya wenye vitaa vilivyoungua vichwa, akavuta pumzi puani. Kwenye kidroo vitaa vya bluu vilikuwa vimebaki sita.

"Nitaagiza. Wiki moja, labda mbili."

Zilikuwa tatu. Wiki ile ya kwanza Bisibisi alipita kila siku, ya pili akapita kila siku mbili, ya tatu Fundi Redio alianza kumwona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla hajafika. Kwa kaka alikwenda mara chache. Kila alipokwenda aliulizwa, "Upanga wangu?" naye akajibu, "Unakuja," na kuuangalia ukuta.

Vitaa vilipofika aliifanya kazi jinsi ilivyopaswa kufanywa. Alikata mguu mrefu wa kila kitaa, akachomelea rizista, akaivika mpira mwembamba isiguse jirani yake. Kijivu, nyekundu, nyeusi. Kijivu, nyekundu, nyeusi. Mara arobaini. Vidole vilimuuma, macho yakamtoka machozi kwa moshi wa risasi ya kulehemia. Alipomaliza aliuacha ukiwaka mezani saa nzima, akaushika toka chini mpaka juu. Ulikuwa wa uvuguvugu tu, kama mkono wa mtu. Bluu yake ilikuwa tulivu, na katika chumba chenye giza ilikuwa nyingi kuliko alivyokumbuka. Alizima taa, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Ungetosha tangu mwanzo. Aliliona wazi, na akakaa chini.

Siku hiyohiyo wifi alimpigia simu. Usiku uliopita jicho la kulia lilikuwa limepanda presha ghafla. Kaka alitapika kwa maumivu, akajipiga kichwa ukutani. Hospitali walimshusha presha kwa sindano na upasuaji mdogo, maumivu yakaisha.

"Na tundu?" Bisibisi aliuliza.

"Njoo tu," alisema.

Alikwenda siku ya tatu, baada ya kaka kurudishwa nyumbani. Alimkuta kwenye kiti kilekile, jicho la kulia limefungwa bandeji, lingine liko wazi na halitazami kokote. Wifi alikuwa nje, anaanika mashuka.

"Ni Bisi," kaka alisema. "Nakujua kwa viatu."

"Nimekuletea."

"Lete basi."

Alimwekea upanga mikononi, akamfungulia bandeji kama wifi alivyomwelekeza, kwa sababu ilikuwa saa ya dawa. Alikuwa anahangaika na kifuniko cha kichupa cha dawa aliposikia kaka yake amevuta pumzi.

"Ah," kaka alisema, ameuinua upanga mbele ya uso. "Mzuri. Naiona, Bisi. Bluu yenyewe. Umeweza."

Bisibisi aliutazama upanga. Mrija ulikuwa mweupe, mfu. Kidole cha kaka kilikuwa mbali na swichi.

Angeweza kunyamaza. Angenyoosha mkono akabonyeza, na uongo wa kaka ungekaa juu ya uongo wake, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amechoka.

"Haujawashwa, kaka."

Kaka aliushusha upanga magotini. Uso wake haukubadilika, ila shingo ilimlegea kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilitaka ufurahi," alisema.

"Najua."

"Umehangaika sana."

"Betri hazikuwa mbovu." Ilimtoka yote kwa pumzi moja. "Siku ile. Mzee alinipa rizista, akaniambia kila kitaa kiwe na yake, akanihesabia mpaka na omu. Sikuziweka. Nilitaka uwake kupita kawaida. Niliona mwanga wa kawaida hautakufikia. Niliviua mimi."

Nje, wifi alikung'uta shuka.

"Nilijua si betri," kaka alisema. "Miaka yote ile nimeunguza taa za projekta, harufu ya taa iliyoshibishwa kupita kiasi nisiijue? Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ungetengeneza kwa haraka zaidi?"

Bisibisi alikaa sakafuni, mgongo kwenye kiti cha kaka. Alingoja aambiwe kwamba si kitu, kwamba dakika ile moja ilitosha, kwamba alifanya kwa mapenzi. Alilingoja neno hilo kama mtoto. Kaka alikuwa mtu mpole, na angeweza kumpa.

"Niambie kweli," Bisibisi alisema. "Ungechagua upi, ule mkali au huu?"

Kaka alifikiri. Aliupitisha mkono juu ya mrija, polepole, toka mpini hadi nchani.

"Huu," alisema. "Tundu lilikuwa dogo, Bisi, lakini lilikuwa halijazibwa. Hata huu mdogo ningeuona. Ningeuweka hapa pembeni ya kitanda, nikautazama wiki zote hizo tatu."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Bisibisi angejua la kufanya nayo. Aliegemeza kichwa kwenye mguu wa kiti, akalia bila sauti. Kaka akanyoosha mkono kumtafuta, akakosa, akamshika sikio, halafu kichwa, na vidole vyake vikagonga bisibisi kwenye nywele.

"Utajichoma siku moja na kitu hiki," alisema.

Baadaye alimwomba auwashe. Bisibisi akabonyeza. Wifi aliingia na beseni tupu, akasimama mlangoni. Kaka alisikia amesimama.

"Mwanga ukoje?" akamwuliza mkewe.

Wifi aliutazama. "Umefika mpaka kwenye pazia," alisema. "Mikono yako yote ni bluu. Mpaka kucha." Akaliweka beseni chini, akaja kukaa karibu nao, na hakusema tena habari ya mwanasesere.

Tangu hapo Bisibisi alikwenda kila Jumapili na chaja, akazichaji betri wakati wakinywa chai. Jioni wifi aliuwasha upanga na kuuegemeza karibu na kitanda, kwa sababu kaka alitaka ajue kwamba unawaka. Alikuwa akiugusa kuhakikisha una uvuguvugu. Vitaa arobaini vyote viliendelea kuwaka, hakuna hata kimoja kilichokufa.

Ikapita miezi. Kaka alijifunza hatua za chooni na chai ya kidole. Alianza kusikiliza redio, na kugombana nayo. Jumapili moja Bisibisi alipokuwa anatoa betri kwenye mpini, alimsikia akisema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Usizichaji tena, Bisi. Unajisumbua."

"Si usumbufu."

"Najua. Lakini usizichaji."

Alizichaji siku ile, akazirudisha, akafunga mpini vizuri. Jumapili iliyofuata alifika na mkate na magazeti ya kumsomea, akaketi. Chaja aliiacha nyumbani. Hakuna aliyeiulizia.